Helmeti navaa, ila sheria ya kumlazimisha mtu mzima siiungi mkono

Nianze na msimamo wangu kabisa, mtu asije akasoma nusu akaondoka na maneno ambayo sijasema. Baiskeli ndo usafiri wangu, helmeti navaa, mwanangu anavaa, na rafiki akiniuliza avae au asivae namwambia vaa. Ila sheria inayosema mtu mzima akikutwa kwenye baiskeli bila helmeti asimamishwe na askari aandikiwe faini, hiyo siiungi mkono, na kadri ninavyosoma yaliyotokea kwenye nchi zilizoijaribu ndo nazidi kuikataa. Najua kwa wengi hivi vitu viwili haviingii akilini pamoja, yaani kama unaamini inasaidia si ungetaka kila mtu alazimishwe? Hapo ndo pa kuongelea, na ntaongea kwa urefu kidogo kwa sababu hili jambo watu wanalimaliza kwa sentensi moja wanahamia kwingine.

Kwanza upande usio wangu, manake ndo unaonisumbua zaidi. Mdogo wangu wa kike ni nesi, amekaa miaka kwenye wodi ya walioumia vichwa, na tukikutana hii mada haikosi. Mi nikianza na tafiti zangu ananikata hapohapo: "Kaka, wewe unaniletea namba, mi nakuletea mtu. Leo asubuhi nimemgeuza kitandani baba mzima, mke wake amekaa pembeni anamuita, na yeye anamtazama tu kama mtu ambaye hajawahi kumuona." Sina jibu la haraka kwa maneno hayo na sidhani kama kuna mwenye nalo. Mkono ukivunjika unafungwa plasta unaunga, ubongo ukiumia vibaya mtu anaweza kurudi nyumbani na sura ileile ila hasira ni mpya, anasahau alichoambiwa dakika tano zilizopita, kazi yake haiwezi tena, na familia inaanza kujifunza kuishi na mtu mwingine kabisa. Anayeona hayo kila zamu halafu anataka sheria, simwiti mjinga wala simwiti mtu wa kupenda kuamrisha wenzake. Anaongea kutoka mahali ambapo mi sijawahi kusimama.

Na helmeti inasaidia, tusidanganyane. Kuna wenzangu kwenye upande huu wa kupinga sheria wanavuka mpaka wanaanza kusema helmeti ni plastiki tu haina maana, hao siko nao kabisa. Utafiti uliotamba kwa miaka mingi ulitoka Seattle, Marekani, mwaka 1989, ukasema helmeti inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 85, na hiyo 85 ikazunguka dunia nzima, kila aliyetaka sheria aliianza nayo. Baadaye tafiti nyingine zikashindwa kuifikia, mpaka mwaka 2013 taasisi za serikali ya Marekani zilizokuwa zinaitumia zikakubali kuiondoa kwenye maelezo yao baada ya chama cha waendesha baiskeli cha Washington DC kulalamika. Lakini 85 kuanguka hakumaanishi imebaki sifuri. Watafiti wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zenye majeruhi zaidi ya 64,000 wakachapisha matokeo 2016, na wakakuta waliovaa helmeti uwezekano wao wa kuumia kichwa ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 51, majeraha makubwa ya kichwa asilimia 69, na majeraha ya kichwa yanayoua asilimia 65. Unaweza kubishana na mbinu zao hapa na pale, wapo waliofanya hivyo, ila mi nikiziona namba za aina hiyo mkono wenyewe unaenda kwenye helmeti kabla sijatoka mlangoni.

Ila ziangalie vizuri hizo namba zinaongelea nani. Zinaongelea watu ambao tayari wameanguka, tena wakaumia kiasi cha kufika hospitali. Zinakwambia kinachotokea kichwa kikishafika chini. Kwa nini umefika chini, nani kakuangusha, barabara ilikuwaje, na kama wewe na jirani yako kesho mtapanda tena baiskeli au mtaiacha, hayo hayamo mle. Sheria inagusa yote hayo kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kuchukua matokeo ya helmeti ukayafanya matokeo ya sheria. Watu wengi wanaruka hapo bila kujua wameruka.

Nina helmeti moja ya zamani ipo kabatini, siivai, naiweka kwa ajili ya kuwaonyesha watu. Tairi la mbele liliteleza kwenye rangi ya zebra iliyolowa, spidi yenyewe ilikuwa ndogo, nikaenda chini kwa ubavu na upande wa kichwa ukagonga ukingo wa barabara. Ukiiangalia kwa nje unaona mkwaruzo wa kawaida, ila ukiigeuza ukatoa vile visponji vya ndani unaona povu limebonyea sehemu ukubwa wa sarafu na ufa mwembamba umekatiza kutoka hapo mpaka kwenye tundu la hewa. Hiyo ndo kazi yake yote. Povu ni polistirini, lile jeupe linalokuja kwenye maboksi ya tivii, na limewekwa pale lipondeke, linapopondeka kichwa kinapata sehemu ndogo sana ya sekunde ya ziada ya kusimama na nguvu inayofika kwenye fuvu inapungua. Likishapondeka halirudi, ndo maana helmeti iliyogonga mara moja haivaliwi tena hata kama kwa nje inang'aa.

Sasa kipimo chenyewe. Kwa viwango vya Ulaya, EN 1078, kichwa cha bandia kinavalishwa helmeti kinaangushwa juu ya chuma kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, ambao ni kama kilomita 20 kwa saa, sawasawa na kitu kuanguka kutoka mita moja na nusu juu. Yaani ni anguko la aina ya langu lile, mtu peke yake, spidi ya kawaida, kichwa kikakutana na lami. Kwa anguko hilo ni kifaa kizuri mno. Gari likikubeba kwa kilomita 70 nguvu zinazohusika ziko mbali sana na kile kipimo, povu linaweza kupunguza kidogo, linaweza lisipunguze kitu, na lori linalokata kona bila dereva kuangalia kioo cha pembeni linakupitia kifuani na kwenye nyonga, huko helmeti haifiki. Nikisikia ajali imetokea, mtu kagongwa na lori, na swali la kwanza linaloulizwa ni "alikuwa amevaa helmeti?", kuna kitu kinanichoma. Dereva kaachwa, makutano yaliyochorwa vibaya yameachwa, watu wote wanaangalia kichwa cha marehemu.

Twende Australia, maana huko ndo kwenye somo. Jimbo la Victoria lilikuwa la kwanza duniani kuwalazimisha waendesha baiskeli wa umri wote, tarehe 1 Julai 1990, na ndani ya miaka miwili hivi majimbo mengine yakawa yamefuata. New Zealand ikaingia Januari 1994. Kwa kipimo cha uvaaji sheria ilifanya kazi hasa, Victoria walitoka asilimia 31 ya wanaovaa mwezi Machi 1990 wakafika 75 mwaka mmoja baadaye, na majeruhi wa kichwa hospitalini wakapungua sana. Ungeishia hapo ungesema kesi imekwisha, lete kalamu tusaini.

Shida ni kwamba walihesabu pia waendesha baiskeli barabarani. Melbourne, hesabu zilizofanyika kabla na baada ya sheria zilionyesha watu wamepungua zaidi ya theluthi moja ndani ya mwaka mmoja, na waliopotea zaidi walikuwa vijana wa sekondari. Mtakwimu Dorothy Robinson aliandika mwaka 1996 kwamba idadi ya vijana walioacha baiskeli ilikuwa kubwa kuliko idadi ya walioanza kuvaa helmeti. Tafakari hapo. Sehemu ya majeraha yaliyopungua yamepungua kwa sababu watu wenyewe hawakuwepo barabarani kuumia. Na kipindi hichohicho Victoria walikuwa wameanza kamera za mwendokasi na msako mkali wa madereva walevi, kwa hiyo hata waenda kwa miguu, ambao hawavai chochote kichwani, nao walikuwa wanapona zaidi. Wapo watafiti wanaobisha, wanasema hesabu zile zilifanywa sehemu chache na kwa siku chache, na kwamba kupungua kwa majeraha ya kichwa kulikuwa kukubwa kuliko majeraha ya mikono na miguu kwa hiyo helmeti lazima zilichangia. Nimesoma pande zote mbili na naona wote wana kitu. Lakini hata ukichukua upande wa wanaoitetea sheria ukapunguza chumvi, bado hupati kile kilichoahidiwa na ile 85.

Kinachonishawishi zaidi kwenye hili ni baiskeli za kukodi za mjini, zile unachukua kituo hiki unaacha kile. Melbourne walizindua zao mwaka 2010, mwaka mmoja tu baada ya Dublin kuzindua za kwao. Dublin hakuna sheria ya helmeti, watu walizipokea kwa kasi na mradi ukawa unaongezewa vituo. Melbourne baiskeli zilikaa vituoni, serikali ikahangaika, wakaanza kuuza helmeti kwa dola 5 madukani na kwenye mashine karibu na vituo, wengine wakawa wanaziacha zimening'inia kwenye baiskeli, bado watu wakawa wanapita tu, na mwaka 2019 mradi ukafungwa. Sitasema ni helmeti peke yake, vituo vyenyewe havikusambazwa vizuri na njia za baiskeli zilikuwa haba. Ila fikiria mtu katoka kwenye treni, anataka kwenda umbali wa dakika kumi, baiskeli ipo mbele yake, na kisheria hawezi kuigusa mpaka apate helmeti, ataitoa wapi, aibebe siku nzima mkononi? Mji wa Mexico uliona hilo mapema, mwaka 2010 walipoanzisha Ecobici, baiskeli zao za kukodi, waliifuta sheria yao ya helmeti. Israel ilikuwa na sheria ya watu wote tangu 2007, mwaka 2011 wakawaondolea watu wazima wanaoendesha mjini. Dallas nao 2014 wakaibakiza kwa walio chini ya miaka 18 tu. Hawa hawakuchukia usalama, walitaka watu wapande.

Na watu kupanda ni usalama wenyewe. Kuna andiko la Peter Jacobsen la 2003 watu wa baiskeli wanalijua, aliangalia miji na nchi mbalimbali akakuta kwamba waendesha baiskeli wakiongezeka maradufu ajali haziongezeki maradufu, hatari kwa kila mmoja inashuka. Sababu unaweza kuzibishania, mi naamini sehemu kubwa ni dereva kuzoea kuwaona, sehemu nyingine ni kwamba barabara ikiwa nzuri watu wanakuja wenyewe. Ukiendesha kwenye barabara ambayo uko peke yako unajua kabisa hakuna anayekutegemea pale, mlango wa gari unafunguliwa mbele yako mtu hata hajageuza shingo, gari linakuovateki halafu linakata kona papo hapo mbele ya tairi lako. Barabara yenye watu wengi kwenye baiskeli, dereva yuleyule anageuza shingo. Kwa hiyo sheria inayowaondoa watu barabarani inamnyang'anya yule aliyebaki, mwenye helmeti yake kichwani, ulinzi mwingine ambao haupimwi maabara.

Halafu kuna afya, na hapa mdogo wangu huwa ananyamaza kidogo. Kukaa bila mwili kufanya kazi kunaua watu wengi, moyo, kisukari, presha, hivi vitu havina damu barabarani kwa hiyo haviogopeshi. Mtu mzima wa miaka hamsini aliyekuwa anaenda kazini kwa baiskeli taratibu, ukamwambia ama helmeti ama faini, akaona bora gari, huyo umemtoa kwenye hatari ndogo ukampeleka kwenye hatari kubwa isiyo na kelele. Hatakuja kwenye wodi ya vichwa. Atakuja wodi nyingine miaka kumi mbele na hakuna atakayeunganisha.

Uholanzi inatajwa mpaka watu wamechoka lakini inatajwa kwa sababu. Zaidi ya robo ya safari zote za nchi ile ni kwa baiskeli, baiskeli ni nyingi kuliko watu, na mtu mzima wa kawaida anayekwenda dukani kichwa chake kiko wazi kabisa. Haikuwa hivyo tangu Adamu. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwenye barabara zao, zaidi ya 400 wakiwa watoto, na wazazi wakaingia barabarani na kampeni iliyoitwa Stop de Kindermoord, wakalala chini kwenye lami, wakafunga mitaa, wakaitaka serikali iache kuua watoto. Wangeweza kuambiwa wavisheni watoto wenu helmeti. Jibu walilopata baada ya miaka ya kusukumana lilikuwa barabara tofauti, njia za baiskeli zilizotengwa kwa ukingo halisi, mitaa ya makazi ambamo gari linakwenda mwendo wa mtu. Oslo nao, mji ambao haujawahi kuwa wa baiskeli kwa kiwango cha Waholanzi, walishusha mwendo, wakatoa maegesho ya magari katikati ya mji, na mwaka 2019 hakuna mwendesha baiskeli wala mwenda kwa miguu hata mmoja aliyekufa barabarani kwao. Hata mmoja.

Tuwe wakweli pia, Waholanzi siku hizi madaktari wao wanawaomba wazee wavae, hasa wenye baiskeli za umeme, kwa sababu mzee wa miaka 75 kwenye baiskeli nzito yenye kasi akianguka peke yake anaanguka vibaya. Naungana nao. Na zile baiskeli za umeme zinazokwenda mpaka kilomita 45 kwa saa zimewekewa helmeti ya lazima tangu 2017, hilo nalo sina ugomvi nalo, ile karibu ni pikipiki. Mbio vilevile, chama cha dunia cha mbio za baiskeli kilijaribu kulazimisha helmeti 1991 waendeshaji wakagoma, ikabidi afe mwendeshaji Andrey Kivilev kwenye mbio za Paris–Nice Machi 2003 ndo ikawa lazima. Mtu anayeteremka mlima kwa kilomita 80 kwa saa akiwa amezungukwa na wenzake mia anafanya kazi tofauti na mama anayeenda dukani. Na watoto, sheria ya watoto naielewa, mtoto hapimi hatari kama mtu mzima na anaanguka mara nyingi zaidi. Ninachobishania ni mtu mzima, mwendo wa kawaida, barabara ya kawaida.

Mtu ataniuliza mbona pikipiki. Naam, pikipiki helmeti iwe lazima na isimamiwe, tafiti zilizokusanywa zinaonyesha inapunguza vifo kwa karibu asilimia 42. Kasi ni nyingine, helmeti yenyewe ni nyingine, na mtu akiacha pikipiki kwa sababu ya helmeti hajapoteza mazoezi wala hajaifanya barabara kuwa hatari zaidi kwa wenzake. Mkanda wa gari ndo kabisa, hakuna aliyeacha kuendesha gari kwa sababu ya mkanda, umeshaukuta mlemle umekaa unakusubiri.

Kuna lile la gharama, kwamba matibabu ya kichwa yanalipwa na sisi wote kwa hiyo tuna haki ya kukulazimisha. Sasa wodi ile ile ya mdogo wangu imejaa watu walioanguka kwenye ngazi, walioteleza bafuni, na waliokuwa ndani ya magari. Abiria wa gari anaumia kichwa kila siku na helmeti ingemsaidia, na sijasikia mbunge aliyesimama kutaka madereva wavae. Kwa nini? Kwa sababu tumeshakubaliana kwamba kuendesha gari ni jambo la kawaida na kuendesha baiskeli ni jambo la hatari, na sheria hii inalipigia muhuri hilo.

Niliwahi kuwaza pia kuhusu madereva wanavyotuona. Ian Walker wa chuo kikuu cha Bath mwaka 2006 alifunga kipima umbali kwenye baiskeli yake akarekodi magari kama 2,500 yakimpita, na akakuta alipovaa helmeti yalimpita karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Katika kupima huko aligongwa mara mbili, zote akiwa na helmeti. Utafiti huu watu wa upande wangu wanaupenda kupita kiasi. Wengine walizichambua upya data zake wakasema tofauti hiyo haina maana kwenye yale magari yanayopita karibu kweli. Kwa hiyo mi siuegemei. Nautaja kwa sababu utakutana nao na utauziwa kama ushahidi wa mwisho.

Sasa nifike kwenye linaloniuma kuliko yote, faini. New South Wales, jimbo jingine la Australia, mwezi Machi 2016 walipandisha faini ya kutovaa helmeti kutoka dola 71 za kwao mpaka 319 kwa mpigo mmoja. Dola 319 kwa mtu ambaye hajamgusa mtu, hajahatarisha mtu mwingine yeyote, yuko kwenye chombo cha kilo kumi na tano. Na nani anasimamishwa? Angalia King County, ile wilaya ya Seattle, mji uleule ulioizaa 85. Walikuwa na sheria tangu 1993, mjini Seattle kwenyewe ikaanza 2003. Kumbukumbu za polisi zilipochambuliwa ikaonekana waendesha baiskeli Weusi walikuwa wanaandikiwa kwa kiwango cha karibu mara nne ya weupe, na karibu nusu ya faini za miaka ya karibuni walipewa watu wasio na makazi. Mtu analala nje, kila alichonacho kimefungwa kwenye baiskeli, unamwandikia faini kwa ajili ya usalama wake. Februari 2022 bodi ya afya ya wilaya ikaifuta. Bodi ya afya, siyo wanaharakati wa baiskeli.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya ya Seattle. Kosa ambalo linaonekana kwa macho kutoka mbali, ambalo watu wengi wanalifanya na askari anachagua wa kumsimamisha, ni kisingizio kilichoshonwa tayari cha kumsimamisha yule aliyetaka kumsimamisha tangu mwanzo. Baba mwenye nguo za mbio na baiskeli ya bei kali hasimamishwi. Mi nimeshawahi kusimama pembeni nikaona kijana anaulizwa risiti ya baiskeli yake mwenyewe baada ya kuanza kuulizwa kitu kingine kabisa, mikono inamtetemeka, watu wanapita wanatazama, na nilichojifunza pale ni kwamba swali la kwanza huwa ni mlango tu.

Mdogo wangu akisikia hayo ananiambia, "Basi tufanyeje, tuwaache wafe?" Hapana. Denmark hawana sheria kwa mtu mzima na karibu nusu ya watu wanaoendesha mjini wanavaa, miaka ishirini iliyopita walikuwa wachache mno, wamefika hapo kwa mafunzo ya mashuleni na kampeni zinazoongea na mtu kama mtu mwenye akili. Japan tangu Aprili 2023 sheria inamtaka kila anayeendesha ajitahidi kuvaa na haina adhabu yoyote. Hiyo naikubali. Ondoeni kodi kwenye helmeti, wapeni bure wanafunzi, zigaweni kliniki, lipeni matangazo, mimi mwenyewe ntajitolea kuja kuonyesha ile yangu yenye ufa. Ila pesa kubwa na nguvu kubwa ya serikali iende kwenye mwendo wa magari na njia zilizotengwa, na mswada wa helmeti ukiletwa nataka aliyeuleta aonyeshe kwanza kilomita ngapi za njia ya baiskeli yenye ukingo amejenga. Nchi zinazoanza na helmeti huwa na tabia ya kuishia hapohapo, kwa sababu helmeti ananunua mwananchi na barabara inajengwa na serikali.

Kwa utakayevaa, na natamani uvae, ivae sawa. Nyingi ninazoziona zimesukumwa nyuma kisogoni paji lote liko wazi, hapo hujavaa kitu. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi. Zungusha kile kirekebishio cha nyuma mpaka ukitikisa kichwa, hata kabla hujafunga mkanda, helmeti haichezi. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio, ule wa kidevuni uache nafasi ya kidole kimoja au viwili, ukipiga miayo uhisi helmeti inavutwa chini kidogo. Mtumba usinunue, hujui imeshagonga nini. Na ikishapiga chini na kichwa chako kikiwa ndani, toa sponji, kaa sehemu yenye mwanga, pitisha kidole taratibu kwenye povu lote utafute ufa, na hata usipouona nunua nyingine.